Ameruhusiwa kwenda nyumbani na mrija kifuani. Je, tumefukuzwa?

Sista, hujambo?

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Pipeline, Embakasi, ghorofa ya sita. Nauza mboga karibu na steji. Nimekuandikia kwa sababu jana usiku sikufumba jicho na leo pia sioni usingizi utatoka wapi.

Kifungua mimba wangu ana miaka 21. Ni mrefu na mwembamba kama mwanzi, na ni makanga katika matatu za kwenda mjini. Jumamosi alfajiri aliinama kufunga kamba za viatu, mara akashika ubavu wa kulia akaketi sakafuni. Alisema ni kama amedungwa msumari. Nikamwambia ni kichomi, upepo wa mlango wa matatu umemwingia, nikamchemshia tangawizi akaenda kazini. Jioni nilimsikia akipanda ngazi. Ghorofa moja, anasimama. Ghorofa nyingine, anasimama. Alipofika mlangoni hakuweza kunisalimia kwa pumzi moja.

Hospitalini walimpiga picha. Daktari akatuonyesha pafu la kulia limesinyaa, limejikunja katikati kama kitambaa kilichokamuliwa, akasema hewa imevuja na kujaa kati ya pafu na mbavu. Jumapili wakamdunga ganzi, wakaingiza mrija mwembamba chini ya kwapa. Mwisho wa mrija wakaunganisha kidude cha plastiki kinachoonekana ndani, na humo ndani kuna mpira mwembamba unaopigapiga anapopumua. Jumatatu asubuhi wakampiga picha nyingine, kisha tukaambiwa, "Mama, nendeni nyumbani, mrudi Alhamisi." Nikauliza, na mrija je? Wakasema aende nao.

Mama mkwe wangu amenipigia simu kutoka Kisii akilia. Anasema hajaona mgonjwa wa mrija akitembea barabarani. Shemeji yangu aliwahi kupatwa na ugonjwa huo akalazwa siku kumi na saba, chupa ya maji chini ya kitanda. Mama mkwe anasema sisi tumefukuzwa kwa sababu hatuna pesa, na anataka nimpeleke kijana kwake, kwenye hewa safi. Jirani yangu naye anasema hiyo ni TB na wanatuficha.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni cha Jumatatu usiku. Kile kidude kilikuwa kinadondosha majimaji kwenye shuka, naye analala kitanda kimoja na mdogo wake. Nikachukua glavu moja waliyonipa hospitalini, nikaivalisha mdomoni mwa kidude na kuifunga kwa uzi ili majimaji yaingie humo. Baada ya muda nikamsikia anahema. Nilipowasha taa ya simu, glavu ilikuwa imefura vidole vyote vitano vimesimama. Nikakata uzi. Hewa ikatoka kwa mlio, na polepole akatulia. Mpaka sasa mikono inanitetemeka nikikumbuka. Sista, nilitaka kumuua mwanangu?

Na jambo la mwisho. Nilipofua suruali yake nilikuta sigara, na karatasi ya kusokotea bangi. Hajui kama najua.

Mama wa Pipeline

JIBU

Dada yangu,

Nilikupigia simu jana mara tu nilipofika kwenye mstari wa glavu, kwa kuwa hilo halikuwa la kungoja zamu. Umeniruhusu nichapishe barua yako na nilichokwambia, nami nashukuru, maana si wewe peke yako unayelala chumba kimoja na mgonjwa wa mrija. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi wodi ya magonjwa ya kifua kwa miaka mingi. Nitakueleza ninayoyajua bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kile kidude ni vali. Mpira uliomo ndani umebapa kama mdomo wa bata. Mwanao akitoa pumzi au akikohoa, hewa iliyonaswa kifuani inausukuma mdomo huo, unafunguka, hewa inatoka. Akivuta pumzi, mdomo unajibana na hewa ya nje haipiti. Hakuna betri wala maji. Ule mlio unaokunyima usingizi ndio kazi yenyewe: ukiusikia, ujue hewa inaondoka na pafu linapata nafasi ya kujikunjua. Ukipungua siku baada ya siku huku mwanao anapumua vizuri, mara nyingi ni dalili kwamba tundu kwenye pafu linaziba.

Ulipofunga glavu, ulifunga mlango wa kutokea. Hewa ilijaza glavu kwanza. Ingeendelea, ingebaki kifuani ikilibana pafu, na ikizidi sana huusukuma moyo na kubana mishipa mikubwa inayourudishia damu. Huko ndiko mtu huweza kufa kwa muda mfupi. Basi ndiyo, ilikuwa hatari, siwezi kukuambia vinginevyo. Lakini uliamka, ukawasha taa, ukamtazama mtoto, ukakata uzi. Hakuna muuguzi ambaye angefanya zaidi ya hapo saa ile. Kosa la kukupa glavu bila kukueleza kwamba mdomo ule haufungwi kamwe si lako.

Majimaji mepesi ya manjano, kidogo kidogo, ni ya kawaida. Tandika kipande cha shashi safi chini ya mdomo wa vali, kiguse tu, kisizibe, ukibadilishe kikilowa. Hospitali nyingine huunganisha mfuko unaofanana na ule wa mkojo. Mfuko huo lazima uwe na tundu la hewa. Usipokuwa nalo, hauna tofauti na glavu yako.

Sasa, je, mmefukuzwa?

Ugonjwa wa mwanao madaktari huuita nyumothoraksi. Ukitokea ghafla kwa kijana asiye na ugonjwa mwingine wa mapafu, kwa kawaida ni mrefu, mwembamba, mwanamume, na mara nyingi mvutaji. Juu kabisa ya pafu huwa na vilengelenge vidogo, kimoja kikapasuka, hata mtu akiwa ameketi. Upepo wa mlango wa matatu haumo katika habari hii, na tangawizi yako haikumdhuru.

Zamani wote hawa tuliwalaza. Mrija mnene, chupa yenye maji sakafuni, mgonjwa kafungwa pale kama mbuzi kwenye kigingi. Watu hudhani chupa ilikuwa salama kwa sababu ilikuwa hospitalini. Nakumbuka asubuhi moja mfagiaji aliinua chupa ya kijana mmoja akaiweka juu ya kitanda ili apitishe ufagio. Chupa ile haipaswi kamwe kuwa juu ya usawa wa kifua, maji hurudi ndani. Nilikuwa upande wa pili wa wodi, nikakimbia na trei mkononi, sindano zikamwagika njia nzima. Tulimuwahi. Tangu siku hiyo sijaamini kwamba kitanda cha wodi peke yake kinamlinda mtu.

Vali yenyewe si kitu cha juzi. Ilibuniwa na daktari mpasuaji wa Marekani, Henry Heimlich, katika miaka ya 1960, na ikatumika kwa majeruhi wa vita vya Vietnam, mahali ambapo chupa ya maji haibebeki. Leo kuna hata vifaa vidogo ambavyo vali na kikusanyio cha majimaji viko pamoja, vinabandikwa kifuani chini ya shati. Uingereza walivijaribu katika hospitali 24, wagonjwa 236 wa umri wa miaka 16 hadi 55, matokeo yakatoka mwaka 2020. Katika siku 30 za kwanza, mgonjwa wa katikati, yaani ukiwapanga wote kwa siku walizolala, katika kundi la vifaa vya kubeba hakulala hospitalini hata siku moja. Upande wa matibabu ya kawaida alilala siku nne. Mwaka huohuo madaktari wa Australia na New Zealand walichapisha utafiti wa watu 316, ambamo wengi wa walioachwa bila mrija wowote, wakiangaliwa tu, pafu lilijinyoosha lenyewe. Kwa hiyo mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba kumpeleka mgonjwa kama huyu nyumbani ni matibabu halali. Siku kumi na saba za shemeji yako zilikuwa za wakati wake.

Lakini nisikufiche upande wa pili wa utafiti ule wa Uingereza. Matukio mabaya makubwa yalikuwa 14, na yote yalitokea katika kundi lililotembea na vifaa. Baadhi yalitokana na kifaa chenyewe: kinavuja, kinachomoka, hakifanyi kazi, hewa inaongezeka kifuani. Na wale walikuwa na nambari ya kupiga na mahali pa kurudi.

Hapo ndipo nina neno na waliowaruhusu. Pafu la mwanao walilipiga picha mara mbili. Nyumba yako hawakuiuliza hata mara moja. Hawakuuliza ni ghorofa ya ngapi, maji yanapandishwa na nani, kijana analala na nani, nani yuko naye mchana wewe ukiwa kwenye mboga, saa nane usiku mnatokaje Pipeline na kwa nauli gani. Ningekuwa zamu siku ile, nisingetia saini kabla ya kujibiwa hayo. Huenda jibu lingekuwa aende nyumbani vilevile. Huenda lingekuwa alale siku mbili zaidi. Mgonjwa anayekaa peke yake, aliye mbali na hospitali, au ambaye mapafu yake yana ugonjwa mwingine, huyo hafai kwa mpango huu, hata kama picha yake ni nzuri namna gani.

Basi tuipange nyumba yako, kwa kuwa mwanao tayari yumo.

Mdogo wake alale chini kwenye godoro hadi mrija utoke. Mtoto akirusha teke usingizini anaweza kuuchomoa. Mgonjwa alale chali au upande wa kushoto, mito miwili mgongoni, mrija usikunjwe wala usilaliwe. Mbali na plasta ya hospitali, bandika mrija mahali pa pili, sentimita kadhaa chini ya ile ya kwanza, uuache na ulegevu kidogo katikati, ili ukivutwa uvutike pale pa pili kabla ya kufika kwenye jeraha.

Leo, kabla hujafanya lolote jingine, piga picha kwa simu yako ya vali ilivyounganishwa. Vali ina upande wa mgonjwa na upande wa nje, na ikigeuzwa haitoi hewa kabisa. Ikichomoka kwenye mrija, irudishe mara moja kama ilivyo kwenye picha hiyo, kisha nendeni hospitali hata kama anasema yuko sawa. Mrija ukitoka wote kifuani, msijaribu kuurudisha. Funika jeraha kwa shashi safi na mwende papo hapo. Wala msiukunje mrija au kuubana kwa kibanio ati msafiri vizuri.

Mtungi wa lita 20 asiuguse. Najua Pipeline maji hupanda kwa mabega, lakini bega lake halimo wiki hizi. Ngazi si marufuku: akishuka, ashuke mara moja kwa siku, apande akipumzika kila ghorofa bila kuona haya. Kulala kutwa nako si kuzuri, atembee humo ndani. Akiandikiwa dawa ya maumivu aimeze kwa saa zake, kwa maana mtu anayeogopa uchungu hupumua kwa juujuu, na pafu linahitaji pumzi ndefu ili lifunguke. Kuoga ni kwa kitambaa na beseni, plasta ibaki kavu. Bodaboda hapana. Mlango wa matatu hapana, hata "kusukuma" siku moja tu; umemwambia, nami namwambia.

Dalili za kukufanya uamshe jirani na kutoka usiku huohuo ni hizi. Hawezi kumaliza sentensi moja bila kuvuta pumzi. Maumivu ya kifua yanarudi ghafla au kuzidi. Midomo au kucha zinakuwa za buluu, jasho baridi, moyo unakwenda mbio, kizunguzungu au kuzirai. Vali imenyamaza ghafla huku anahema zaidi. Damu au usaha unatoka, au ana homa. Na hii wengi huikosa: ngozi ya kifua au shingo imevimba, na ukiibonyeza inalia chini ya kidole kama chumvi ya mawe ikikanyagwa. Hiyo ni hewa imeingia chini ya ngozi. Nambari za dharura za 999 na 112 zihifadhi, lakini usizitegemee peke yake. Tafuta leo mwenye gari mnayeaminiana hapo plotini, mkubaliane bei kabisa, na noti hiyo uifiche usiitumie kununulia sukuma wiki.

Kisii asiende. Hewa safi ya kule naikubali, lakini ni saa kadhaa za barabara, na tatizo likitokea njiani Narok mtamfikisha wapi? Isitoshe, hewa iliyonaswa hutanuka kadiri mtu anavyopanda juu, na barabara ile hupita Limuru, juu kuliko Embakasi kwa mamia ya mita. Mwambie bibi aje yeye. Ndege pia hapana, hadi picha ionyeshe pafu limejaa kabisa na siku saba zipite baada ya hapo.

Jirani yako usimkasirikie. Kwetu hapa TB huweza kulitoboa pafu, na ndiyo maana daktari yeyote wa Nairobi anapaswa kuifikiria. Uliniambia kwa simu kwamba kijana hakuwa na kikohozi cha muda mrefu wala jasho la usiku, na hajakonda. Vizuri. Hata hivyo, omba makohozi yapimwe kwa GeneXpert, mashine inayotafuta vijidudu vya TB; katika hospitali za umma kipimo na dawa za TB havilipiwi. Ikipatikana, matibabu yake yote yanabadilika, pamoja na hili la kukaa nyumbani na vali.

Sasa sigara. Usimvamie nayo leo akiwa na mrija ubavuni. Lakini kabla hajarudi kwenye matatu lazima ajue hesabu hii: kwa wanaume wavutaji, hatari ya pafu kusinyaa hivi maishani imekadiriwa kuwa karibu 12 kati ya 100. Kwa wasiovuta ni karibu mmoja kati ya 1,000. Bangi nayo huharibu mapafu. Na takriban mmoja kati ya watatu waliowahi kupatwa hupatwa tena. Likirudi mara ya pili, madaktari huanza kuzungumzia upasuaji wa kulishikamanisha pafu na ukuta wa kifua. Mwambie wewe, mkiwa wawili, bila wadogo zake kusikia. Nimewaona vijana wengi wakiacha kwa sababu mama alisema polepole, na wengi wakiendelea kwa sababu mama alipiga kelele. Au mpe simu, nitasema naye mwenyewe.

Umebaki na Alhamisi. Kwa maoni yangu siku tatu zilikuwa nyingi kwa mtu wa mrija. Ningependa aonekane kila siku moja au mbili, ndiyo maana nilikuambia umpeleke leo Jumatano usingoje. Watatazama kama vali bado inatoa hewa akikohoa, watampiga eksirei, na kama pafu limejaa na hewa haitoki tena, mrija utatolewa. Ni kazi ya dakika chache, jeraha litafunikwa. Kama hewa bado inatoka baada ya siku tano hadi saba tangu uwekwe, usikubali "endeleeni kungoja". Uliza ni lini ataonwa na daktari mpasuaji wa kifua.

Na kabla ya kuondoka, mwombe muuguzi aandike kwenye karatasi ya kuruhusiwa nambari ya simu ambayo itapokelewa usiku, na jina la wodi mtakayoingia moja kwa moja bila kuanza foleni upya. Wakikuambia mhusika yuko kwenye raundi, keti kwenye benchi umsubiri. Mboga zitauzwa na binti yako. Usipande matatu ya kurudi Pipeline kabla hujaiona nambari hiyo imeandikwa, na uipige hapohapo mlangoni usikie kama inaita.